Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Kuchekesha na Safari za Anga

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watueleze walichokuwa wakisoma msimu wa masika, wakati ambapo matope na giza la mapema huwafungia wengi ndani. Nilitarajia barua juu ya riwaya za mapenzi na za upelelezi, ambazo ndizo huijaza safu hii kila mwaka, lakini kutoka Arusha na Moshi zimekuja zaidi barua za watu wanaosoma vitabu vya kuchekesha na hadithi za kubuni za kisayansi, na baadhi yao wana ugomvi navyo. Nimechagua chache. Majibu ni maoni yangu kama msomaji mwenzenu, na anayetaka kunipinga anaijua anuani yetu.

Ndugu Mhariri, mpwa wangu aliniachia riwaya ya Douglas Adams iitwayo The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, akaniapia kwamba nitacheka mpaka machozi yanitoke. Nimefika katikati na nimetabasamu mara chache tu. Watu wanaruka kutoka sayari moja hadi nyingine bila sababu, na jibu la maisha yote linatajwa kuwa ni 42. Je, tatizo ni Kiingereza changu, ni umri wangu, au ni kitabu chenyewe?
*Mzee mstaafu, Kijenge, Arusha*

Shikamoo mzee wangu. Kiingereza chako hakina kasoro, na umri ni faida kwa kitabu hiki, kwa sababu mtu aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi ya umma akiambiwa arudi kesho atayatambua mengi humo kuliko kijana aliyemaliza shule juzi. Lipo jambo moja ambalo mpwa wako angekueleza kabla ya kukukabidhi. Hadithi hii ilianza kama mchezo wa redio, uliorushwa na BBC Radio 4 kuanzia Machi 1978, na riwaya ikafuata mwaka 1979. Mchezo wa redio huandikwa sehemu kwa sehemu, na kila sehemu hudai vichekesho vyake na mahali pake pa kumwacha msikilizaji akiwa na hamu ya wiki ijayo; ndiyo maana ukiisoma mfululizo unaona wahusika wanarushwa huku na huku. Umeona sawasawa. Msuko wa visa umelegea, na anayekitafuta kitabu hiki kwa ajili ya kisa atachoka kama ulivyochoka wewe.

Ningekuomba urudi kwenye kurasa za mwanzo na uzisome kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu. Arthur Dent anaamka asubuhi na kukuta tingatinga la manjano limesimama nje ya nyumba yake, kwa kuwa halmashauri imeamua kupitisha hapo barabara ya mchepuko. Anajilaza kwenye matope mbele yake. Anapolalamika kwamba hakupata taarifa, afisa anayesimamia ubomoaji anamjibu kwamba ramani zilikuwa wazi kwa miezi tisa na yeyote angeweza kwenda kuziangalia. Kumbe zilikuwa katika chumba cha chini ya ardhi kisicho na taa wala ngazi, ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli, kabati lenyewe likiwa ndani ya choo kisichotumika, na mlangoni pa choo pamebandikwa tangazo la kuwatahadharisha watu na chui. Muda si mrefu meli za Wavogoni, viumbe wa sayari nyingine, zinatanda angani, na dunia nzima inaambiwa maneno yaleyale: itabomolewa kupisha njia ya anga, na hakuna sababu ya kushangaa, kwani ramani zimebandikwa kwa miaka 50 katika ofisi ya mipango iliyoko kwenye nyota ya Alpha Centauri, mahali ambapo hata mwanga husafiri zaidi ya miaka minne kufika.

Msomaji wa Arusha aliyewahi kuiona nyumba ya jirani imepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu hahitaji kufafanuliwa. (Barabara ya mchepuko ya Arusha, kwa taarifa yako, ina urefu wa kilomita 42 na ushei. Sijengi hoja yoyote juu ya hilo, ila lilinifurahisha.)

Sasa tazama namna kichekesho kilivyojengwa, kwa maana ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba Adams anaandika upuuzi. Katika onyesho lile hakuna hata mmoja anayecheka. Afisa anaamini utaratibu umefuatwa, nahodha wa Wavogoni anaamini hivyo hivyo, na kila mmoja angeweza kuapa mahakamani. Mwandishi ameweka kanuni moja, kwamba taarifa iliyobandikwa popote ni taarifa iliyotolewa, kisha akaifuata kanuni hiyo bila huruma kutoka kwenye nyumba moja hadi kwenye sayari nzima. Hata ile 42 uliyoichukia imetengenezwa vivyo hivyo. Kompyuta imefikiri kwa miaka milioni saba na nusu, watu wamekusanyika kwa shangwe, nayo inawaambia kwa utulivu wa karani kwamba jibu limehakikiwa kwa makini na kwamba tatizo huenda ni wao kutolijua swali. Pale ambapo Adams anaiacha kanuni na kuanza kurusha mzaha kwa ajili ya mzaha, nami huanza kupiga miayo, na katika nusu ya pili ya kitabu hilo hutokea mara nyingi. Ukiwa umesoma habari za Marvin, roboti mwenye akili kubwa ambaye amekata tamaa ya maisha na bado anatumwa kufungua milango, unaweza kukirudisha kwa mpwa wako bila aibu.

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi wa magari hapa Majengo. Nimesoma The Martian cha Andy Weir kwenye simu, na nimekipenda kwa sababu kila kitu kinatengenezwa mbele ya macho yako. Mwenzangu wa gereji anasema ni uongo mtupu kama hadithi nyingine. Sayansi yake ni ya kweli kiasi gani? Na nisome nini baada ya hapo, chenye ufundi na kicheko pamoja?
*Fundi, Majengo, Moshi*

Kaka fundi, mwenzako amekosea kwa sehemu kubwa, lakini akitaka kukubana anapo pa kukubania, nami nitakuonyesha mapema ili ujiandae.

Weir alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na kitabu hiki alikitoa kwanza sura kwa sura kwenye tovuti yake, ambako wasomaji waliojua fizikia na kemia walimsahihisha kadiri alivyoendelea. Toleo la mchapishaji mkubwa lilikuja mwaka 2014 na filamu mwaka 2015. Asili hiyo inaonekana. Mark Watney, mtaalamu wa mimea aliye pia mhandisi wa mitambo, ameachwa peke yake sayari ya Mirihi kwa sababu wenzake wanaamini amekufa. Ana viazi mviringo vilivyoletwa vibichi kwa ajili ya mlo wa sikukuu, ana udongo kidogo wa duniani, na ana kinyesi cha wafanyakazi wote, ambacho kwa mara ya kwanza katika historia ya safari za anga kinageuka kuwa mali. Kinachokosekana ni maji. Anachukua haidrazini, yaani mafuta ya roketi, anaitenganisha apate haidrojeni, kisha anaichoma haidrojeni hiyo polepole ili iungane na oksijeni na kuwa maji. Hesabu ni sahihi, ila amesahau kitu kimoja: pumzi anayoitoa mwanadamu bado ina oksijeni nyingi, na oksijeni hiyo inavuja kutoka kwenye barakoa yake na kukusanyika chumbani. Mlipuko unamrusha ukutani. Nilichokipenda ni kwamba baada ya kuamka anakaa chini na kutafuta chanzo, kama mnavyofanya nyinyi gari linapozimika baada ya kutoka gereji, na anaandika kosa lake kwa kejeli bila kujihurumia. Kicheko cha kitabu kizima kimo humo, katika mtu anayechukulia kwa uzito mkubwa kazi ya kuchanganya choo na vumbi.

Mwenzako atakubana kwenye dhoruba ya mwanzoni. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki asilimia moja ya ule wa duniani, kwa hiyo upepo wa huko, hata ukikimbia kwa kasi ya kutisha, hauna nguvu ya kuinamisha roketi wala kung'oa antena. Weir mwenyewe amekiri kwamba alilijua hilo na akaamua kuliacha ili kisa kipate kuanza. Jambo la pili ni udongo. Mwaka 2008 chombo cha Marekani kiitwacho Phoenix kiligundua chumvi za perkloreti katika udongo wa Mirihi, nazo ni sumu kwa mwanadamu, hivyo viazi vile vingehitaji udongo uliooshwa kwanza. Mkulima wa viazi wa huku kwetu, anayepigana na ukungu kila msimu, atasema hilo ni tatizo dogo.

Baada ya hapo wengi watakuelekeza kwenye Project Hail Mary cha mwandishi huyohuyo, cha mwaka 2021, na hawatakuwa wamekudanganya: mhusika mkuu ni mwalimu wa sayansi anayeamka ndani ya chombo cha anga bila kujua jina lake. Ni kizuri. Hata hivyo kwa fundi mimi ningependekeza kitu cha zamani zaidi, nacho ni The Star Diaries cha Stanisław Lem, mwandishi wa Poland aliyeishi kati ya mwaka 1921 na 2006. Tafuta safari ya saba. Kimondo kidogo kimeharibu usukani wa chombo cha Ijon Tichy, msafiri wa anga, naye anatoka nje na spana na kugundua kwamba bolti haiwezi kukazwa na mtu mmoja: akizungusha nati upande huu, kichwa cha bolti kinazunguka nacho upande wa pili. Lazima mwingine ashikilie. Kwa kuwa yuko peke yake, hana la kufanya mpaka chombo kinapoingia kwenye mizunguko ya mvutano inayovuruga wakati, na yeye wa Jumatatu anakutana na yeye wa Jumanne. Ungedhani tatizo limekwisha, maana sasa wako wawili. Badala yake wanaanza kubishana, kupigana na kugombania chokoleti, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo ile bolti inavyozidi kubaki ilivyo. Lem hakukosea hata hatua moja ya mantiki. Ukichora nani alimpiga nani na siku gani, mahesabu yanakubali. Kwa maoni yangu hakuna hadithi ya kisayansi inayochekesha kuishinda hii, na uzuri wake utamfikia haraka zaidi mtu aliyewahi kulala chini ya gari akimwita msaidizi aliyekwenda kunywa chai.

Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wananiuliza kwa nini hadithi za anga wanazozisikia zote ni za Kiingereza. Je, waandishi wetu hawakuandika? Na kama waliandika, kuna kinachochekesha?
*Mwalimu wa Kiswahili, Marangu*

Mwalimu, waliandika, ila anga lao lina kazi nyingine. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, imewekwa katika nchi inayoelea angani, na wajumbe wake wanatumwa pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini. Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anapakiwa katika chombo kinachomtoa katika ulimwengu wake na kumfikisha kwenye jamii ya haki asiyowahi kuiota. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, anamtoa babu kaburini na kumpeleka kwa mjukuu aliyeshiba madaraka. Wanafunzi wako wakitazamia injini, kapsuli za angani na hesabu za mafuta, hawatazipata. Waandishi hawa walipanda juu ili waitazame ardhi vizuri, na chombo cha kupandia hakikuwashughulisha.

Mimi huona hapo pana hasara pia. Walenisi ina wazo kubwa, lakini maelezo ya jinsi jamii ile inavyoendeshwa yanachukua nafasi ndefu katika mazungumzo, na mara kadhaa nilitamani Dzombo apotee njia kidogo, aone mwenyewe, aache kuelezwa. Kusadikika ndiyo inayochekesha, jambo ambalo halisemwi sana kwa kuwa tumezoea kuifundisha kwa nyuso za mtihani. Hebu wasomee wanafunzi kesi ya Karama, mshtakiwa anayejitetea kwa kusimulia habari za wajumbe hao, kama mchezo. Mjumbe anakwenda mbali, anarudi na jambo la kuinufaisha nchi, anatupwa gerezani. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo, hadi wa sita, na siku zote Waziri Majivuno anaongea kwa heshima na ufasaha kamili wa mtu anayelinda taifa. Kuna undugu kati ya Majivuno na yule afisa wa tingatinga niliyemtaja kwa mzee wa Kijenge, ingawa mmoja aliandikwa Tanganyika ya kikoloni na mwingine Uingereza karibu miaka 30 baadaye.

Kwa zoezi la kuandika, usiwape mada ya roketi, maana watakuletea filamu walizoziona. Wape mfongo, yaani mfereji wa kupeleka maji mashambani. Waambie kwamba kila Alhamisi maji ya mfongo yanapanda mlima badala ya kushuka, na kila kitu kingine kinabaki kama kilivyo. Nani atapata zamu ya kwanza siku hiyo, wa juu au wa chini? Wazee wanaogawa maji wataitisha kikao lini, na anayemiliki shamba la chini kabisa, ambaye miaka yote alikuwa wa mwisho, atadai nini? Mwanafunzi anayefuata kanuni hiyo moja mpaka mwisho atakuwa ameandika hadithi ya kisayansi, na sitashangaa darasa likivunjika mbavu bila yeye kuandika mzaha wowote.

Mhariri, mimi ni muuguzi mstaafu. Mdogo wangu amefanyiwa upasuaji na anapata nafuu nyumbani kwangu. Anasoma Kiingereza vizuri na anataka kitabu cha kumchekesha, lakini hataki mambo ya sayari. Nimnunulie nini?
*Mama wa Sakina, Arusha*

Shikamoo mama. Kwanza mpe muda apone: wewe unajua kuliko mimi kwamba mwenye nyuzi tumboni hatakiwi kucheka kwa nguvu, na kitabu ninachokitaja nisingependa kilaumiwe. Ni Three Men in a Boat cha Jerome K. Jerome, cha mwaka 1889, kinachosimulia marafiki watatu na mbwa wao Montmorency wakipanda mto Thames kwa mashua. Kwako wewe kurasa za kwanza peke yake zingetosha. Msimulizi anakwenda kusoma kitabu cha magonjwa, anaanza herufi ya kwanza, na anagundua kwamba anaumwa kila ugonjwa uliomo isipokuwa ule wa goti unaowapata wajakazi. Na anaona kama amedharauliwa kwa kunyimwa huo mmoja. Anakwenda kwa daktari, anaandikiwa cheti, anakipeleka duka la dawa, na muuza dawa anakirudisha akisema yeye hana duka la vyakula wala hoteli. Cheti kinaagiza nyama, bia, matembezi ya maili kumi kila asubuhi, kulala saa tano usiku, na kutojaza kichwa mambo asiyoyaelewa. Nadhani umewahudumia wagonjwa wa namna hiyo.

Jerome alikusudia kuandika kitabu cha kweli cha kuwaongoza wasafiri, chenye historia ya mto, na vipande vya historia bado vimo, vimevaa maua mengi. Mwambie mdogo wako aviruke bila wasiwasi afike kwenye kopo la nanasi. Wamesahau kifungulio, na wanaume watatu wazima wanalipiga kopo kwa kisu, kwa mkasi, kwa jiwe na kwa mlingoti wa mashua, mpaka linachukua sura ya kutisha na wanalitupa mtoni.

Akishapona na kubadili mawazo juu ya sayansi, yupo Connie Willis wa Marekani, ambaye mwaka 1997 alitoa To Say Nothing of the Dog, riwaya ya wasafiri wa wakati wanaorudi Uingereza ya karne ya 19, yenye jina lililochukuliwa kutoka kwa Jerome. Hakuna sayari hata moja.

Habari Mhariri. Watu wananiambia nisiposoma The Three-Body Problem sijui hadithi za kisayansi. Nimejaribu na nimechoka. Masomo yamenibana. Kuna kifupi?
*Mwanafunzi wa chuo, Moshi*

Mdogo wangu, kitabu hicho cha Liu Cixin kina wazo ninaloliheshimu, la dunia yenye majua matatu ambako hakuna ajuaye lini kutakucha, lakini watu waliomo ni wakavu na hakuna anayetabasamu kwa mamia ya kurasa. Kiache mpaka likizo, au kiache moja kwa moja. Chukua All Systems Red cha Martha Wells, cha mwaka 2017, ambacho unaweza kukimaliza mwisho wa wiki. Mlinzi ambaye nusu ni mashine amekivunja kifaa kinachomlazimisha kutii, kwa hiyo angeweza kuwaua mabwana zake wote. Uhuru huo anautumia kutazama tamthilia, maelfu ya saa, na kinachomuudhi ni binadamu kumsemesha kabla sehemu haijaisha. Kila anayeishi na mtu wa tamthilia za Kituruki atamfahamu. Vitabu vinavyofuata katika mfululizo huo vinarudia mbinu ileile, basi kisome cha kwanza, ufanye mitihani yako, ndipo uchukue cha pili.